Bibi kalia nilipomvua miwani ya VR. Niendelee au niache?

Mlezi_wa_Zamu:
Habari zenu wakuu. Nafanya kazi kwenye makao ya wazee, mwaka wa sita huu. Tumeletewa miwani mbili za uhalisia pepe (VR), zile unavaa usoni ukajiona upo ufukweni kumbe umekaa kwenye kiti. Lengo ni kuwachangamsha wazee, maana wengine hawajatoka nje ya geti siku nyingi.

Nilianza na bibi mmoja wa miaka 80 na ushee, hatembei, na usahaulifu umeshaanza. Nikamwekea video ya bahari. Wimbi lilipomjia miguuni akainua pindo la gauni lisilowane! Tulicheka, naye akacheka. Alikaa humo kama dakika 20. Nilipomvua akautazama ukuta, akakitazama kiti chake cha magurudumu, akaniuliza, "Mbona umenirudisha huku?" Akalia mpaka akasinzia.

Mzee wa pili alitapika. Sasa bosi anataka kila mzee avae kila siku mchana, ili sisi tupate nafasi ya kufanya kazi nyingine. Roho yangu inasita. Wenye uzoefu nisaidieni.

NesiMstaafu:
Pole mwanangu. Dakika 20 kwa siku ya kwanza ni nyingi mno, anza na 5. Huyo aliyetapika, bila shaka ulimwekea video inayokwenda. Macho yanasema tunasafiri, sikio la ndani linasema tumekaa, hapo lazima kichefuchefu kije. Tafuta video ambazo kamera imesimama mahali pamoja.

Na usimvishe mtu kabla ya kufungua faili lake na kumuuliza daktari wake. Angalia kifafa, shingo, na kama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kwani miwani hizi huweza kuwa na sumaku na watengenezaji wenyewe wanaonya. Nyingi zina uzito wa nusu kilo hivi. Kwako si kitu, kwa shingo ya bibi ni mzigo. Mzee ambaye tayari huona vitu visivyokuwepo, mimi simvishi kabisa.

Mlezi_wa_Zamu:
Ilikuwa video ya treni! Umejuaje?

fundi_kimya:
Rusha picha kwenye tableti uone anachokiona. La sivyo yeye anashangaa ndege, wewe unashangaa boksi. Mwenye kifaa cha kusikia, angalia mkanda usikibane, maana ukikibana kinapiga mluzi. Lenzi usizifute kwa spiriti, zinaharibika. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Pale panapogusa uso weka kifuniko cha silikoni, ufute kila akivua mtu.

Sipendi_Mashine:
Huku ni kuwahadaa wazee tu. Mtoeni nje aote jua la kweli.

binti_wa_mzee:
Ndugu, baba yangu yuko kitandani mwaka wa pili. Kumtoa nje ni watu watatu. Walimwonyesha mtaa aliokulia kwa zile picha za Google Street View. Kuhusu miwani hakusema neno. Alianza kusimulia jirani aliyekuwa akimwazima baiskeli, habari ambayo mimi mwanawe sikuwahi kuisikia. Tukaongea saa nzima, miwani ipo mezani imezimwa. Ile saa ndiyo niliyoitaka mimi. Sasa bosi anayewavisha wazee ili walezi waondoke anabakiza nini hapo?

NesiMstaafu:
Binti kanimalizia maneno. Mlezi, kilio cha bibi kisikutishe sana, ila usimvue ghafla. Mwambie tunakaribia kuondoka, punguza sauti, mshike mkono kabla hajauona ukuta. Halafu muulize baharini alikuwa akienda na nani. Na kila mara omba ruhusa upya, hata kama jana alikubali. Andika kwenye daftari hali yake kabla, baada, na jioni yake. Ukiona jioni zinaharibika, acha. Daftari hilohilo ndilo umpelekee bosi.

Mlezi_wa_Zamu:
Mrejesho wakuu, wiki ya tatu hii. Bibi nampa dakika 6, mkono wake upo mkononi mwangu. Juzi nilipomwambia tunaondoka akasema, "Ngoja nikung'ute mchanga." Akapangusa magoti, ndipo akaninyooshea uso nimvue. Hakulia. Alimtaja dada yake kwa jina, na miaka yote hii sikujua kama ana dada.

Bosi kashuka hadi mara 2 kwa wiki, mlezi akiwa hapohapo, ingawa bado ananung'unika. Yule mzee wa treni kakataa katakata, kasema ana redio yake. Tumemnunulia betri.