Mwiba umenichoma kidoleni, mbona mtoki umetokea kwenye nyonga?

Mkwezi wa Mwandiga:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za mchana. Niko Mwandiga, Kigoma. Jumamosi nikikata mikungu ya michikichi nilichomwa mwiba kwenye dole gumba la mguu wa kulia. Nikauchomoa, nikaendelea na kazi. Leo Jumanne dole limetunga usaha, na kwenye nyonga ya kulia kumetoka mtoki mkubwa kama chikichi, hata pikipiki siwezi kupanda. Bibi (huwa ananiita mume wake) keshapasha mawese, anataka anichue. Kidonda kiko chini kabisa, uvimbe uko huku juu. Imekuwaje? Au ndiyo matende yanaanza hivi?

Dagaa wa Kibirizi:
Mwachie bibi mume wake 😂 Sisi sote tumechuliwa na tumepona.

Nesi Mstaafu:
Mwanangu, usichuliwe. Mtoki si ugonjwa, ni tezi iliyo kazini.

Iko hivi: damu ikipita kwenye vile vijishipa vyembamba kabisa, maji yake huvujia kwenye nyama. Mengi hurudi humohumo, ila kama lita 3 kwa siku hubaki nje, na hayo huzolewa na mishipa ya limfu. Mishipa hii haina moyo wake. Unapotembea misuli inaikamua, ukivuta pumzi nako kunasaidia, na ndani mna vali zinazozuia maji yasirudi chini. Ya miguu yote miwili hupanda hadi karibu na mtulinga wa kushoto, yakaingia tena kwenye damu.

Njiani kuna tezi, mamia kwa mamia: nyonga, tumbo, kwapa, shingo. Umeona Malagarasi unavyopita kwenye matete na vinamasi kabla ya kufika ziwani? Tope linabaki kule. Vijidudu vya doleni kwako vimenaswa nyongani, chembe nyeupe zinaongezeka kupambana navyo, tezi inatuna. Kuichua ni kuiumiza bure, na maambukizi yanaweza kusambaa. Cha kutibu ni dole.

Matende ni habari nyingine: minyoo iletwayo na mbu, inakaa kwenye mishipa hiihii miaka na miaka mpaka inaiharibu. Mwiba hauleti matende.

Una homa? Pitisha vidole kutoka kwenye kidonda kwenda juu: kuna mstari wa moto unaouma? Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri. Kama upo, usilale nyumbani leo.

Mkwezi wa Mwandiga:
Mstari upo mama, umefika gotini. Usiku nilitetemeka.

Nesi Mstaafu:
Nenda zahanati sasa hivi, na uulizie sindano ya pepopunda.

Dagaa wa Kibirizi:
Mama, mimi kwa utani wangu tu... nina kokwa shingoni tangu kabla ya Ramadhani. Haliumi, nimelizoea.

Nesi Mstaafu:
Hilo lisilouma ndilo linalonitia wasiwasi kuliko la mwenzio. La mwiba huja kwa kasi na kidonda kikipona linanywea. Lako limekaa muda mrefu, na TB ya tezi huja kimyakimya hivyohivyo. Nenda ukapimwe, na usikatae wakitaka kupima na HIV.

Mkwezi wa Mwandiga:
Mrejesho, siku ya tano: dole lilipasuliwa, nikachomwa sindano na kupewa dawa za wiki nzima. Mstari umefutika, mtoki umebaki kama punje ya harage. Bibi kanuna, mawese yake ameyapikia maharage.