Hivi posta za komedi lazima awepo bonge wa kuchekwa?

chalii_wa_sakina:
Wakuu habari za jioni. Jana nimepita na dada yangu kwa jamaa mmoja Ngarenaro anayejaza muvi kwenye flashi, ukutani bado ana posta ya Norbit ya 2007, ile Eddie Murphy kavalishwa mwili wa mama bonge Rasputia kamkandamiza mumewe. Sasa dada yangu naye ni kibonge, jamaa akacheka akamwambia "shikamoo Rasputia". Sista kanuna mpaka nyumbani, muvi zenyewe hatukuchukua. Hivi tatizo ni jamaa au posta?

mzee_wa_kilombero:
Mnakuza mambo aisee. Sisi Wachaga kila komedi ni hela hela na tunacheka tu, mbona hatulii.

mama_wawili_moshi:
Baba, utani ni wa pande mbili. Mimi Mpare, nikikutania hela utanirudishia habari za kesi papo hapo ngoma droo, sasa posta ya ukutani utaijibu nini? Na cheki 2009, Couples Retreat ina kapo nne, posta ya Marekani wapo wote ila ya Uingereza Faizon Love na Kali Hawk wakafutwa, ndio weusi pekee, wakabaki wazungu sita. Universal, kampuni ya hiyo muvi, wakajitetea eti waliweka wanaojulikana zaidi nje, kelele zilipozidi wakasema wanasikitika. Kwa hiyo mweusi akiwa wa kukandamiza watu anajaa posta nzima, akiwa mpenzi wa mtu tu katulia zake nafasi hakuna 😏

fundi_kava:
Nimetengeneza makava ya komedi za kibongo hapa mjini kipindi cha dividii. Bosi mmoja aliniambia mama mmoja aliyeigiza "mvute aenee kava lote", na wala hakuwa mnene hivyo, halafu jamaa wa Kimasai ambaye kwenye muvi ni mwalimu nimvalishe shuka nimpe na rungu, la sivyo watu hawatajua ni komedi. Nikafanya, kodi ilikuwa inanisubiri. Wenzetu wakiamua wanavuta kinyume, posta ya The Heat 2013 kule Uingereza Melissa McCarthy alikondeshwa uso mpaka watu wakashtuka.

chalii_wa_sakina:
Fundi, sista kasoma hapa anauliza yule mama ulimwambia nini?

fundi_kava:
Alinipigia siku kava limetoka. Sikupokea.