Mrejesho: ajenti wa kazi ya unesi Uingereza

Wakuu, niliuliza nimlipe yule ajenti wa kunitafutia kazi ya unesi Uingereza au nipambane mwenyewe. Sikumlipa, kule sheria ya 1973 inakataza ajenti kumtoza anayetafuta kazi, nikamtumia hiyo sheria akanibloku hapohapo 😂. Nikajisajili mwenyewe NMC (baraza la manesi na wakunga la Uingereza), IELTS, mtihani wa Kiingereza, wanataka 7 ila kuandika hata 6.5 wanapokea, CBT, mtihani wa kwenye kompyuta, nikafanyia hukuhuku nchini kwetu kabla ya kusafiri. OSCE, mtihani wa vitendo, sasa ndo ilinitoa jasho, unapima presha huku unamwelezea mgonjwa kila unachofanya, msimamizi kakukodolea macho anaangalia kama umenawa mikono. Namba ya usajili imetoka, nipo wodi ya wazee, wanaongea haraka hao! Mliouliza familia, viza ya nesi inaruhusu mwenza na watoto.