Mjadala: Ni watoto wanaowatoa wanawake kazini?

Mama wa Chumbageni:
Hapa Tanga utasikia watu wanasema mwanamke akishazaa, kazi imemshinda. Nakataa. Kinachomtoa kazini ni kukosa wa kumwachia mtoto.

Nendeni Deep Sea, kwenye soko la samaki pale ufukweni, asubuhi boti zikiingia. Mama anagombania bei ya samaki, mtoto yuko mgongoni. Baadaye anakaanga, mafuta yanachemka, na mtoto anatambaa hatua mbili kutoka kwenye karai. Mtoto akiugua siku chache tu, mtaji umeliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua pacha, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Muuza samaki akadai kwa nani?

Mdau wa Ngamiani:
Dada, nakuheshimu, ila tusikilizeni na sisi wenye biashara ndogo. Binti akienda uzazi namlipa yeye, namlipa na anayemshikia nafasi. Ndiyo maana wenzangu wengi wanaajiri wanaume, hawasemi tu. Na zamani bibi alikuwa akilea, mambo yanakwenda.

Mama wa Chumbageni:
Kaka, la mshahara nakubaliana nawe, mzigo ule usimwangukie mwenye duka peke yake. La bibi hapana. Bibi wa leo naye yuko sokoni anatafuta. Kwa hiyo tunachukua binti wa kazi kutoka kijijini, mara nyingi kaacha shule, alee ili sisi tutoke. Hilo linaniuma sana.

Na baba je? Claudia Goldin, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwamba hata katika nchi tajiri pengo la kipato kati ya mke na mume huanza hasa mtoto wa kwanza anapozaliwa. Sheria yetu ileile inampa baba siku 3. Siku tatu, kitovu cha mtoto hakijadondoka!

Ninachotaka ni hiki: ushuru tunaolipa sokoni kila siku ujenge chumba cha watoto palepale, kiwe na mlezi anayelipwa mshahara, na kiwe mbali na moto. Mama atoke kwenye meza yake, anyonyeshe, arudi kuuza.

Wa soko la Mgandini mnasemaje? Kikiwekwa kwenu, mtawaleta watoto?