Tupeane uzoefu: mtaro wa mtaa utakaovuka masika zaidi ya moja

Mkazi wa Bondeni

Wakuu, habari za kwenu. Huku Dar mtaa ukichanga hela za maendeleo, kitu cha kwanza watu wanachodai ni kifusi. Roli mbili tatu zinamwaga, greda linapita, kila mtu anafurahi mpaka mvua ya kwanza. Barabara imepanda, nyumba zimebaki pale pale. Pita Tandale, Manzese, Buguruni au Mbagala: kuna milango ambayo zamani ulipanda ngazi mbili kuingia, leo unashuka moja. Maji nayo yanashuka hapo hapo.

Kwa hiyo tuzungumzie mtaro, maana barabara bila mtaro ni kupandisha bwawa. Anayechangia aweke vipimo, vifaa, mtu wa kumwona, na kile kinachoharibika baadaye.

Naanza na swali la kujibiwa kabla hamjanunua hata mfuko mmoja wa saruji: maji yataishia wapi? Mtaro wa mita 200 unaokomea kwenye kiwanja cha mtu ni kesi, si maendeleo. Mvua ikinyesha, watu wawili wavae mabuti wayafuate maji kwa miguu mpaka yanapoingia kwenye mtaro mkubwa au mtoni. Njia ikipita mtaa wa pili, mwenyekiti wao aitwe kikaoni kabla koleo halijagusa ardhi. Na kama mwisho ni mto, kumbukeni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, kwa hiyo mdomo wa mtaro pale hauamuliwi na mtaa peke yake.

Mvua ikikatika, pimeni alama ya tope kwenye kuta, kutoka sakafuni kwenda juu, nyumba kwa nyumba, kabla watu hawajafuta. Daftari hilo lina nguvu kuliko malalamiko kumi, kwa sababu linaonyesha maji yanapojikusanya na kwa kina gani.

FundiMawe

Mkuu umeanza vizuri. Mimi niingie kwenye mteremko, maana ndiyo unaoua mitaro mingi kuliko saruji mbovu.

Pale ardhi inaporuhusu, sakafu ya mtaro ishuke sentimita 10 kila mita 10. Sehemu za tambarare shukeni angalau sentimita 5. Chini ya hapo maji yanatembea lakini mchanga unabaki, na baada ya mvua tatu mna kitanda cha mboga. Macho yanadanganya, kwa hiyo pimeni kwa mpira wa maji: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 15 hivi, umejazwa maji, mambo ya watu wawili na vigingi: maji ya ncha zote mbili husimama usawa mmoja, mnaweka alama kwenye vigingi. Kosa la kila siku ni povu la hewa kubaki katikati ya mpira. Linasukuma maji upande mmoja na kipimo chote kinakuwa uongo. Kabla ya kila zamu wekeni ncha mbili pamoja. Maji yasipolingana, toeni hewa kwanza.

Anzeni kuchimba kutoka chini kwenda juu. Wanaoanzia juu kwa sababu ndipo anapoishi mchangishaji mkubwa, wakifika mwisho wanakuta sakafu yao iko chini ya mtaro wa kupokea.

Upana na kina cha sentimita 60 kwa 60 kinafaa mtaa wa kawaida, na mtu anaingia na koleo kusafisha. Kuta za mawe ziachieni matundu: vipande vya bomba la plastiki la inchi 2, kila mita moja na nusu hadi mbili, juu kidogo ya sakafu. Udongo ukishiba maji unasukuma, na ukuta usio na matundu unalalia ndani. Watu husema fundi kaiba saruji, kumbe maji yalikosa pa kutokea.

Sasa mifuniko, hapa ndipo pesa inapopotea. Watu wanamwaga zege refu moja kwa moja juu ya mtaro. Linapendeza, lakini hakuna atakayelifungua tena, na mchanga utajaa chini yake kimyakimya. Tengenezeni vipande vya sentimita 80 kwa 40, unene 10. Kwenye mtaro wa 60 kipande kinakalia kuta sentimita 10 kila upande. Uzito wake ni kama kilo 77, watu wawili wanauinua mkiweka vishikio viwili vya nondo. Zege la 1:2:4: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko wa kilo 50 hutoa mifuniko minne hadi mitano. Mita 10 za mtaro zinataka mifuniko 25, hesabuni mifuko mitano hadi sita.

Nondo za milimita 10, nne kwa urefu na tatu kukatisha. Zile ndefu zikae chini, zikiwa zimeinuliwa sentimita 2 na nusu kutoka kwenye sakafu ya fomu (boksi la kumwagia zege) kwa vijiwe vya zege. Mfuniko haujui nondo ngapi zimo, unajua zipo upande gani: uzito ukikanyaga juu, zege linachanika kwa chini. Kwa hiyo pakeni rangi upande wa juu, watu wasije wakaupandisha kichwa chini. Mwagilieni siku 7, funikeni kwa magunia mabichi. Mchanga wa baharini msiuguse hata ukiletwa bure, chumvi inakula nondo kwa ndani.

Mjumbe wa Shina

Fundi, nakushukuru. Niongezee upande wa karatasi, kwa sababu mitaa mingi inajenga kisha inaambiwa ibomoe.

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017. Ukichimba kwenye hifadhi ya barabara bila wao kujua, umefanya kosa hata kama nia ni njema. Njia ni hii. Suala liingie kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa. Muhtasari uandikwe siku hiyo hiyo, na orodha ya waliohudhuria iwe na saini. Muhtasari usio na saini unarudishwa mlangoni. Mtendaji wa mtaa aupeleke kwa mtendaji wa kata ili uende kwenye kamati ya maendeleo ya kata ambako diwani ndiye mwenyekiti. Barua kwa TARURA wilaya iambatane na ule muhtasari na lile daftari la alama za tope.

Ombeni kitu kimoja kinachopimika. Barua inayosema "tunaomba mtujengee mitaro" inakaa. Inayosema "tunaomba mhandisi aje kupima mita 180 na kutuwekea kalavati moja la kupitisha maji chini ya barabara, sisi tutatoa mawe na nguvu kazi" inamlazimu mtu ajibu. Na mwaka wa fedha unaanza Julai, kwa hiyo anayepeleka ombi Mei amechelewa mwaka mzima. Pelekeni mwishoni mwa mwaka, vuli ingali inanyesha na mhandisi akija anakanyaga maji yenyewe.

Kuhusu hela: mchango usipitie mfukoni kwa mtu, hata awe mcha Mungu vipi. Akaunti ya kamati, watia saini watatu, risiti kwa kila kaya, na mapato na matumizi yabandikwe ofisi ya mtaa. Wapangaji nao waitwe. Mitaa mingi wao ndio wengi, lakini vikao vinaita wenye nyumba tu, halafu tunashangaa mtu anatupa taka kwenye mtaro ambao hakuulizwa.

Dada wa Usafi

Jamani, mtaro hauharibiki siku ya mvua, unaharibika siku ya kuusafisha. Angalieni wakizoa mchanga: unarundikwa pale pale ukingoni, vimilima vyeusi vimejipanga, nailoni zimechomoza, wanasema watarudi na guta. Kesho yake mvua inausukuma wote ndani na kazi inaanza upya. Guta liwepo kabla koleo halijaingia. Wa kuzoa wasiwe wengi kuliko uwezo wa kubeba. Fungueni mifuniko kumi, zoeni, pakieni, fungeni, songeni mbele.

Chujio la nondo kwenye mdomo wa kalavati ni zuri likiwa na mtu wa kulisafisha kila baada ya mvua, jina lake limeandikwa. Lisipokuwa na mtu, msiliweke kabisa. Chupa na nailoni zikiziba linakuwa ukuta, na nyumba za juu zinafurika.

Halafu kuna kutapisha vyoo. Mvua kubwa ikija, mtu anatoboa shimo lake liingie mtaroni, akitegemea maji yatabeba. Yanabeba mpaka uani kwa jirani wa chini, ambako watoto wanacheza peku. Hiki ni kipindupindu cha kujitakia. Mtaa ukitaka kulizuia kweli, uandae njia mbadala kabla ya masika: kaya zenye vyoo vilivyojaa ziorodheshwe Februari, zichange gari la majitaka kwa pamoja, na pale gari lisipopita watafutwe wanaonyonya kwa pampu na kubeba kwa pikipiki ya magurudumu matatu. Faini peke yake inawafanya watu watapishe usiku tu.

Fundi, swali: wenye mageti wanajaza kifusi mtaroni ili gari lipite, wanalaza bomba la inchi 4 chini yake. Tuwaambieje?

FundiMawe

Dada, bomba la inchi 4 lina upana wa sentimita 10 na mtaro wenu una 60. Hapo mtaro mzima umekuwa bomba la inchi 4, kwa sababu maji yanahesabu sehemu nyembamba kuliko zote. Chupa moja ya maji ikikaa kwa ubavu imemaliza kazi.

Waambieni watoe kifusi chote, waweke mifuniko minene: sentimita 15, nondo za milimita 12, upana ule ule wa 40. Kimoja ni kama kilo 115, wanne wanainua. Geti la mita 3 linataka vipande vinane. Pale panapokatisha barabara yenyewe, malori yanapopita, msitumie mifuniko. Pawekwe kalavati la sentimita 60, udongo wa kushindilia juu yake usipungue sentimita 30, na kuta za mawe pande zote mbili za mdomo ili maji yasichimbe ubavuni. Kalavati dogo kuliko hapo halisafishiki, koleo halifiki katikati.

Kingo za udongo ambazo hamjafika kuzijengea, pandeni nyasi za vetiva za kushika udongo, mstari mmoja, shina hadi shina sentimita 10 au 15, mvua zinapoanza. Mbuzi wafungwe miezi miwili ya mwanzo.