Taya limejifunga: nianze na mazoezi au nioshwe kiungo? Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Kwa muda mrefu kiungo cha taya langu la kushoto kilikuwa kinalia "ta" kila nikipiga mwayo, bila maumivu. Ghafla mlio ukakoma na mdomo ukagoma kufunguka. Sasa unaishia milimita 27, wakati watu wengi hufikisha 40 na zaidi, na nikilazimisha kidevu kinavutwa kushoto. Kupiga mswaki magego ya nyuma, acha tu.

Kipimo cha MRI kimeonyesha kisahani cha gegedu (kile kinachokaa kati ya mifupa ya kiungo cha taya) kimeteleza mbele na hakirudi mahali pake. Daktari wa meno anashauri kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku, mazoezi ya kunyoosha taya, vyakula laini na dawa za kupunguza uvimbe. Daktari wa upasuaji anasema tusichelewe, tuoshe kiungo kwa sindano, yaani kupitisha maji maalum ndani ya kiungo. Upasuaji wa kufungua kiungo sitaki kuusikia kwa sasa.

Moyo unaelemea kwenye mazoezi, ila naogopa kiungo kisije kikakakamaa nikisubiri. Mliooshwa kiungo, mdomo ulifunguka kiasi gani, na ulibaki hivyo? Na mliopona bila sindano, nafuu ilianza kuonekana baada ya muda gani?