Mjadala: Video ishushwe kwanza, au mwenye chaneli asikilizwe kwanza?

Mleta mada: Wakuu, salama? Dogo mmoja wa singeli hapa mtaani alinunua biti, ile ya bei nafuu ambayo prodyuza humuuzia yeyote anayelipa. Akapandisha wimbo YouTube, ukaanza kutembea. Mara klemu, yaani dai la hakimiliki! Mwenzake aliyenunua biti ileile kaiingiza Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua wenyewe sauti zilizosajiliwa, nao ukaamua wimbo ni wake, pesa ya matangazo ikahamia kwake. Kanuni za YouTube zinakataza kuingiza humo kitu usichokimiliki peke yako, ila mashine itajuaje nani alisaini nini na nani? Msimamo wangu: anayedai aweke mkataba mezani kwanza.

Prodyuza: Hapo unatuua, mkuu. Wimbo unalipa siku zile za mwanzo. Mwizi anaupakia upya, kaongeza spidi kidogo ili mfumo usiunase, wewe unataka nipeleke karatasi nisubiri kikao? Mpaka mnamaliza kumsikiliza, keshakula.

Mpenda sheria: Tusichanganye mambo. Klemu ya Content ID mara nyingi haishushi video, inahamisha pesa. Ukipinga, mdai ana siku 30. Akinyamaza, klemu inaanguka. Na ukipinga ndani ya siku 5, pesa inashikiliwa tangu siku ya kwanza ya klemu, haendi nayo mtu. Mwambie dogo awahi. Straiki, yaani onyo kwa chaneli, ndiyo balaa: inatokana na ombi la kushusha video kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998, DMCA. Tatu ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufungwa.

Msomaji wa Tandale: Haya, straiki unaipingaje? Unaandika jina lako kamili, anwani na simu, vyote vinapelekwa kwa huyo huyo anayekudai, halafu unakubali kushtakiwa katika mahakama ya Marekani. Kijana ambaye hata pasipoti hana! Mdai ana siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi, la sivyo video inarudi. Haki ipo, lakini wengi wakifika kwenye ile fomu wanafuta video yao wenyewe, yanaisha.

Mpenda sheria: Mwongo naye ana adhabu kwenye sheria hiyohiyo, ila kumfikisha huko ni kazi. Mama mmoja Marekani, Stephanie Lenz, video yake ya sekunde 29 ya mwanawe akicheza muziki ilishushwa 2007. Akashtaki. 2015 mahakama ya rufaa ikasema mdai lazima apime kwanza kama matumizi ni halali. Kesi ikaisha 2018 kwa maelewano. Miaka kumi na moja, na alikuwa na mawakili wa kumsaidia.

Mkenya mwenzenu: Sisi marekebisho ya 2019 ya sheria ya hakimiliki yalifanya ombi la uongo la kushusha kazi kuwa kosa la jinai. Hapo angalau mtu anafikiria mara mbili.

Mleta mada: Hiyo ndiyo naitaka na huku. Ishushwe haraka, sawa, Prodyuza nakuelewa. Lakini aliyedanganya alipe mapato yote yaliyopotea, si klemu kuondolewa kimyakimya kama hakuna kilichotokea.

Prodyuza: Kwa hilo niko nawe. Mimi mteja wa biti ya bei nafuu namsainisha karatasi moja: haiingizi Content ID. Akigoma, simuuzii.